Hapi hakuwa mungu wa Mto Naili

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea sura ya kwanza ya tasnifu yake. Anatafsiri maandishi kadhaa ya Misri ya kale kwa Kiswahili, akipitia tafsiri za Kiingereza na Kifaransa, maana katika idara yetu hakuna hata mmoja anayesoma hieroglifu. Kwenye ukurasa wa 14 nilikuta sentensi hii: "Hapi alikuwa mungu wa kike wa Mto Naili na wa rutuba." Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata "kike", nikaandika juu yake "kiume", nikaendelea na ukurasa wa 15.

Aliporudi kuchukua kazi yake alikuwa na daftari kuukuu mkononi. "Samahani, Mwalimu," akasema, "sentensi hiyo niliitoa hapa." Lilikuwa daftari la dada yake mkubwa, aliyesoma kwangu miaka 18 iliyopita. Ndani yake mlikuwa na mihadhara yangu kuhusu visasili vya Afrika, imeandikwa kwa hati nzuri kuliko yangu. Na sentensi ile ilikuwamo, neno kwa neno, pamoja na "kike" yake.

Sikuwa na la kusema. Nilimwomba aniachie daftari, nikamwambia aje baada ya wiki mbili. Katika wiki hizo nilisoma upya yale niliyokuwa nikiyafundisha kwa mazoea, na nikagundua kwamba sentensi ile ya maneno 11 ina makosa matatu. Kalamu yangu nyekundu ililiona moja tu, na hata hilo ikalisahihisha vibaya.

Nianze na jinsia, kwa kuwa ndiyo iliyonitia aibu kwanza. Wachongaji wa Misri walimwonyesha Hapi akiwa na matiti yaliyolegea, tumbo kubwa lililoning'inia juu ya mshipi, ndevu za bandia kidevuni na shada la mafunjo au yungiyungi kichwani. Mara nyingi ngozi yake ilipakwa rangi ya buluu au ya kijani. Ukiyatazama matiti utasema ni mwanamke. Ukizitazama ndevu utabadili kauli. Waandishi wengi wa zamani walimaliza ubishi kwa kumwita huntha. John Baines, mtaalamu wa Misri ya kale, alilipinga wazo hilo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1985 kuhusu michoro ya aina hii. Kwake yeye, matiti yale ni ya mwanamume mnene, mtu aliyeshiba, na unene huo ni alama ya neema. Nakubaliana naye. Mtu aliyewahi kumwona mzee mwenye nafasi yake ameketi kifua wazi barazani wakati wa joto hahitaji nadharia nyingine.

Kwa hiyo "kiume" ilikuwa sahihi? Ilikuwa sahihi, lakini haikuhitajika. Kiingereza kikitaka kusema kwamba Hapi amefika, ni lazima kwanza kiamue kama aliyefika ni mume au mke. Kiswahili hakiulizi. Tunasema amefika, amejaa, ametulisha, na kiambishi "a-" hakimvui mtu nguo ili kumkagua. Neno "mungu" lenyewe halina jinsia mpaka sisi tulibandike "wa kike" au "wa kiume", na tunafanya hivyo kwa sababu Kiingereza tunachokitafsiri kina maneno mawili tofauti, nasi tunadhani ni deni letu kuyalipa yote. Mchongaji aliacha matiti na ndevu vikae pamoja kwenye mwili mmoja. Mfasiri wa Kiswahili angeweza kuviacha vivyo hivyo bila kuongeza neno hata moja.

Hapa nitoe kidokezo cha sarufi, maana wasomaji wa safu hii hawanisamehe nikikipita. Katika umoja tunasema "mungu mwingine", kama mtu mwingine. Katika wingi, tafsiri ya Biblia ya Union iliyowalea wengi wetu inasema "miungu mingine", kama miti mingine. Linganisha na "mtume": wingi wake ni "mitume", umbo lile lile la mi-, lakini Biblia hiyo hiyo hupatanisha mitume na "wengine". Mitume ni watu, miungu ni vitu. Sidai kwamba watafsiri walikaa mezani wakapanga njama. Nasema tu kwamba mwanafunzi anayeandika kuhusu miungu ya Misri kwa Kiswahili ameshawekwa mahali na upatanisho wa kisarufi kabla hajaandika hoja yake ya kwanza. Mwanafunzi wangu ameamua kuandika "miungu wa Misri". Masikio yangu yanakataa, lakini nimemwacha.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni "wa Mto Naili".

Wamisri walikuwa na neno la mto. Waliuita iteru, yaani mto tu, kama vile mtu wa Garissa anavyosema "mto" bila kuongeza "Tana". Hapi lilikuwa neno tofauti. Lilitaja kule kujaa kwa mto, maji yanayopanda mara moja kwa mwaka, yanayofunika mashamba kisha kuyaachia. Kwenye gati la hekalu la Karnak kuna alama zilizochongwa kuonyesha maji yalipanda hadi wapi katika mwaka fulani wa mfalme fulani, na neno linalotumika kwa maji hayo ni hilo hilo, hapi. Pale halina sifa wala dua. Ni kumbukumbu ya kipimo, kama karani anavyoandika mvua ya Aprili kwa milimita. Kwa hiyo jina la mungu na jina la tukio ni neno moja. Hapi hakukaa juu ya maji akiyatawala kama mkuu wa idara ya unyunyizaji. Alikuwa ni yale maji yanapofika.

Msomaji wa pwani hatashangaa sana. Kusi ni nini? Ni upepo, ni majira ya mwaka, na ni upande wa dunia. Baharia anayesema "kusi kimeingia" hasemi kuhusu mkuu wa upepo anayeishi mahali fulani na kuutuma. Neno ni upepo wenyewe na wakati wake. Tofauti ni kwamba Wamisri walimwimbia kusi wao na kumtolea sadaka.

Na maji hayo yalitoka wapi? Nimewasikia wenzangu wakijigamba kwamba Farao alikula kwa jasho la mito yetu, Nzoia, Yala, Sondu na Mara, kwa kuwa yote humwaga maji yake Ziwa Victoria, na Naili hutoka humo. Si uongo, ila ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Maji ya Naili Nyeupe hupotea kwa wingi katika vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini, na yanayobaki hutiririka kwa kiasi kisichobadilika sana mwaka mzima. Kilichoufanya mto ujae kule Misri ni mvua za Juni hadi Septemba kwenye nyanda za juu za Ethiopia, zinazoshuka kwa Naili ya Buluu na Atbara zikibeba udongo wa milimani. (Naili ya Buluu hutoka Ziwa Tana. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayelichanganya na Mto Tana wetu.) Sisi tulichangia maji. Kilichowafanya waiite nchi yao Kemet, nchi nyeusi, ni tope la Ethiopia.

Mwaka wao wote ulifuata mwendo huo. Ulikuwa na majira matatu ya miezi minne minne. La kwanza liliitwa Akhet, wakati maji yamefunika mashamba. La pili Peret, kuchomoza, maji yanapoondoka, ardhi ikaonekana na mbegu zikaota. La tatu Shemu, wakati wa mavuno na joto. Mwaka mpya ulihusishwa na kuonekana tena kwa nyota tunayoiita Sirius, alfajiri, baada ya kupotea angani kwa wiki kadhaa. Mkulima wa Misri hakutazama mawingu akiuliza kama itanyesha. Alitazama nyota na ukingo wa mto.

Sasa, tukishakubali kwamba Hapi si mto, tumwiteje? Mwanafunzi wangu aliporudi baada ya zile wiki mbili, alikuwa ameshaandika "mungu wa mafuriko". Nilisoma nikasikia ubaridi mwilini. Si kwamba amekosea; kamusi ingemuunga mkono. Ila neno hilo kwetu limeshabeba maiti. Mkenya aliyepitia Aprili na Mei 2024, aliyesikia habari za Mai Mahiu usiku ule, au aliyezaliwa Budalang'i ambako maji ya Nzoia huingia nyumbani bila kubisha hodi, hawezi kusoma "mungu wa mafuriko" asiwaze jini la kuogopwa. "Furika" lenyewe lina udugu na "kufura", kuvimba, nalo hulitumia mtu aliyevimba kwa hasira. "Gharika" ni baya zaidi, maana tumelipokea kutoka Kiarabu pamoja na safina na watu waliozama.

Kwa Mmisri jambo la kutisha lilikuwa maji kutokuja. Tunawezaje kumtafsiria msomaji wa Kiswahili furaha ya watu wanaoona mashamba yao yamezama?

Nilimpendekezea maneno ya bahari. Kiswahili kimezaliwa mahali ambapo maji hupanda na kushuka kwa ratiba, na watu huishi kwa ratiba hiyo. Tuna maji kujaa na maji kupwa, tuna bamvua na maji mafu, na hakuna mvuvi anayeliita bamvua janga. Hata "pwani" ni mahali palipopwa, ardhi ambayo maji yameiacha. Ukifikiri hivyo, Kemet nzima ilikuwa pwani ya mto: ukanda mwembamba ulioachwa na maji, upande huu na upande huu, kisha jangwa. Basi Hapi awe "Mjao", kutokana na kujaa, kama "mwendo" kutokana na kwenda. Nilifurahi kweli kweli. Nilijiona nimelimaliza.

Binti yule akanitazama kwa adabu. "Lakini, Mwalimu, bahari haikosi kujaa."

Lo! Alikuwa amegusa kiini. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na hakuna mtu katika pwani yetu aliyewahi kulala njaa kwa sababu leo maji hayakujaa. Hapi alikuja mara moja kwa mwaka, na angeweza kuja kidogo, au kuchelewa, au kuja kwa wingi wa kubomoa kuta za udongo. Mwandishi wa Kirumi Plini Mkubwa alitoa vipimo ambavyo hurudiwa mara nyingi: maji yakipanda dhiraa 12 ni njaa, 13 bado ni upungufu, 14 huleta uchangamfu, 15 utulivu, 16 furaha. Kati ya njaa na furaha kuna dhiraa nne tu. Ile sanamu mashuhuri ya Naili iliyoko Vatican ina watoto 16 wanaompanda mzee yule mwilini, na hesabu hiyo hufasiriwa kuwa dhiraa zile zile. Yakizidi sana, basi "mafuriko" yetu ndilo neno lake hasa. Kwa hiyo Mjao wangu ulikuwa umemtuliza Hapi kupita kiasi. Ulimfanya kuwa mungu asiyeweza kukosa.

Mimi bado nautetea, kwa sababu kosa la kumfanya mpole nadhani ni dogo kuliko lile la kumfanya muuaji. Lakini nimekubali kwamba ni kosa. Tanzania, katika bonde la Rufiji, wakulima wana kilimo cha mlau, yaani mazao yanayopandwa mto ukishayaacha mashamba na unyevu wake ungali ardhini. Wapokomo kwenye kingo za Tana nao wamelima mpunga kwa kufuata kupanda na kushuka kwa maji. Wakulima hao wanajua mto unaotarajiwa na kuogopwa kwa pamoja, na nimemwambia mwanafunzi wangu kwamba kabla hatujabuni istilahi nyingine tukiwa ofisini, aende akawasikilize. Huenda neno tunalolitafuta linasemwa huko kila mwaka.

Shairi lenyewe analolitafsiri linasimama juu ya hofu hiyo. Ni wimbo wa sifa kwa Hapi. Wataalamu wengi wanaamini ulitungwa wakati wa Ufalme wa Kati, ingawa nakala tulizo nazo ni za Ufalme Mpya, karne nyingi baadaye. Nyingi ni nakala za shuleni. Vijana waliojifunza uandishi walipewa wimbo huu waunakili kwenye mafunjo au vigae, na walikosea sana. Nakala ndefu iliyoko British Museum, ijulikanayo kama Sallier II, ina mistari ambayo ni dhahiri mnakili hakuielewa; aliandika sauti alizozikumbuka akaziachia wasomaji wa baadaye shida. Nilipokuwa naisoma habari hiyo daftari la dada mtu lilikuwa mezani mbele yangu, nikalifunika kwa gazeti.

Kama mhakiki, naona wimbo huu haupewi haki yake. Vitabu vingi vya masomo huutaja kama ushahidi kwamba Wamisri waliabudu mto, kisha husonga mbele kwenye piramidi. Usome kama shairi, uone mtunzi anavyotumia Hapi kuipima jamii nzima. Hapi akilegea, hazihesabiwi dhiraa. Hesabu inafanywa kwa kuonyesha nani anakosa nini: watu wanadhoofika, ghala zinabaki tupu, na hata miungu wanapunguziwa sadaka zao. Hilo la miungu ndilo linalonishangaza. Kuna ngazi ya mamlaka, na huko juu kabisa wanakaa wenye mahekalu na makuhani, nao chakula chao kinategemea huyu mnene mwenye matiti asiye na hekalu kubwa la kwake. Mahali pengine mtunzi anataja lile jiwe la buluu la thamani, lililosafirishwa kutoka milima ya Afghanistan na kuwekwa kwenye mapambo ya wafalme, na kusema kwa maneno mepesi kwamba halilwi. Shayiri ndiyo bora. Hebu fikiria shairi hilo linanakiliwa na vijana wanaoandaliwa kuwa makarani wa hazina.

Lina pia fundo ambalo tafsiri nyingi hupita bila kuligusa. Mtunzi anasema Hapi hachongwi kwenye jiwe, na mahali akaapo hapajulikani. Sasa, nani asiyejua kwamba Hapi amechongwa kila mahali? Amepangwa safu kwa safu chini ya kuta za mahekalu, amebeba sinia za vyakula. Ubavuni mwa viti vya enzi vya zile sanamu kubwa za Ramesses II kule Abu Simbel wako Hapi wawili, mmoja wa kusini na mmoja wa kaskazini, wakifunga kwa kamba mimea ya pande mbili za nchi ili ziwe nchi moja. Mtunzi alikuwa kipofu? Sidhani. Tazama walikochongwa: chini, usawa wa magoti, wakitembea kuelekea ndani kama wachukuzi. Mungu mwenye sanamu yake ya ibada alikaa gizani katika chumba cha ndani, akiogeshwa, akivikwa na kulishwa. Hapi alichongwa kama mleta chakula, na picha yake ni picha ya kazi anayoifanya. Mtunzi anasema huwezi kumfungia chumbani ukamwekea kufuli, ukadai ni wako. Nimesoma tafsiri zinazoueleza mstari huo kuwa fumbo la kiroho kuhusu mungu asiyeonekana. Mimi naona ni jambo la kawaida kabisa kulisema kuhusu maji.

Waliojaribu kumweka chini ya ufunguo walikuwepo, lakini. Kisiwani Sehel, karibu na Aswan, kuna maandishi yaliyochongwa kwenye mwamba wakati wa wafalme wa Kiptolemi. Yanasimulia kwamba enzi za mfalme Djoser maji hayakupanda kwa miaka saba. Mfalme akaambiwa kuwa Hapi hulala pangoni Elephantine, na Khnum, mungu mwenye kichwa cha kondoo dume, ndiye ashikaye komeo la mlango. Mfalme akamheshimu Khnum, naye Khnum akaahidi kumfungulia Hapi. Hadithi tamu. Inaishia kwa mfalme kulipa hekalu la Khnum eneo kubwa la ardhi na mapato yake. Na iliandikwa zaidi ya miaka 2,000 baada ya Djoser kufa! Msomaji wa Kenya hahitaji profesa amweleze hati ya ardhi ya namna hiyo hutengenezwa lini na kwa nini.

Nimebakiwa na "rutuba", nayo nilikuwa nimeipenda sana.

Kwa Kiingereza kuna neno moja linalotumika kwa shamba linalozaa, mwanamke anayezaa, mwanamume mwenye nguvu na fahali pia. Kutokana na neno hilo, vitabu vimetengeneza kapu moja na kutumbukiza humo nusu ya miungu wa Misri. Sisi tukitafsiri tunaandika "mungu wa rutuba" kila mara, na msomaji wa Kiswahili anabaki akijiuliza mbona wote hawa kazi yao ni mbolea. Rutuba kwetu ni ya udongo. Mwanamke hana rutuba, ana uzazi. Mwanamume nguvu zake zina jina lake, na gazeti hili huzitangazia dawa kila siku. Mavuno ni jambo jingine, na kuota ni jingine tena.

Jaribu kuwapitisha miungu hao kwenye maneno yetu uone. Min wa Koptos, anayechongwa uume wake umesimama na kuhusishwa na saladi, ni wa nguvu za kiume. Kumwita wa rutuba ni kumsitiri kwa khanga. Heket mwenye umbo la chura na Taweret mwenye umbo la kiboko ni wa uzazi, tena hasa wa uchungu na kujifungua salama, kazi ya mkunga. Renenutet, mungu mwenye umbo la swila, ni wa mavuno na ghala. Ukikumbuka kwamba ghala huvuta panya na panya huvuta nyoka, unaona mkulima aliyemfikiria alikuwa na macho. Osiri ni wa kuota. Mwezi wa nne wa Akhet, maji yakianza kupungua, makuhani walitengeneza umbo lake kwa udongo wa mto na nafaka, wakalimwagilia mpaka likachipua. Katika kaburi la Tutankhamun, Howard Carter alikuta fremu ya mbao yenye umbo la Osiri, imejazwa tope la mto na kupandwa nafaka, nayo nafaka ilikuwa imeota gizani kabla ya kukauka. Ukiandika tu kwamba Osiri ni mungu wa rutuba, umeitupa ile fremu nje ya kaburi.

Na Hapi? Huyu ndiye wa rutuba kweli, kwa maana yetu ya Kiswahili: tope jeusi, unyevu, udongo uliopata nguvu mpya. Kwa hiyo katika sentensi yangu ya miaka 18, "rutuba" ilikuwa neno sahihi lililowekwa kwa sababu mbaya. Niliitumia kwa Hapi, na kwenye kurasa zilizofuata za daftari lile nikaitumia kwa Min, Heket, Renenutet na Osiri bila hata kupumua. Nimezihesabu: mara saba katika mhadhara mmoja. Lugha yangu ilikuwa na maneno matano, mimi nikatumia moja kwa kuwa Kiingereza kina moja.

Kuna pia suala la jina, nalo nitaligusa upesi. Vijana darasani hucheka wakisikia "Hapi", si mnajua Kiingereza cha mitandaoni. Lakini tatizo lenyewe ni kwamba kuna Hapi mwingine, mwana wa Horus mwenye kichwa cha nyani, aliyelinda mapafu ya maiti, na tena kuna fahali wa Memphis aliyeitwa kwa Kigiriki Apis. Vitabu kadhaa vya shule huwachanganya. Katika Kimisri, jina la yule wa maji lina sauti ya ain katikati, na majina ya hawa wawili hayana. Kiswahili kilishaimeza sauti hiyo zamani katika "saa" na "tabia", kwa hiyo kwetu wote wameishia kuwa Hapi. Hakuna la kufanya ila kueleza ni yupi unayemsema.

Mto wenyewe haujai tena kule Misri. Tangu Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, tope la Ethiopia hutuama ziwani nyuma ya bwawa na wakulima hununua mbolea. Sherehe ya kutimia kwa maji ya Naili bado huadhimishwa kila Agosti.

Tasnifu sasa inasema hivi kwenye ukurasa wa 14: "Hapi, mungu aliye kujaa kwa Naili." Mwanafunzi wangu amekataa "Mjao", na mimi nimetia sahihi. Daftari la dada yake nimelirudisha, baada ya kuomba ruhusa na kuandika pambizoni kwa penseli. Wengine mlioketi darasani kwangu miaka hiyo, na ninajua baadhi yenu sasa ni walimu, mtaikuta sentensi hiyo karibu na mwanzo wa mhadhara wa sita. Ikateni.